Adabu ya Kuitangaza Injili katika Nchi ya Waha

Mwishoni mwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Daktari Livingstone, aliingia katika nchi ya Waha na msafara wake, akatakiwa, kama kila mgeni alivyotakiwa zamani zile, awape wenye nchi hongo ya nguo ndipo apite. Alitoa mara ya kwanza, akatoa mara ya pili, na alipopata habari kwamba mbele yake walikuwako wakubwa wengine wakiingojea haki yao, alikata shauri kuipita sehemu iliyosalia usiku, kwa siri, nje ya njia kuu, watu wake wakiwa wamekatazwa kutoa sauti, hata akatoka salama akashuka Ujiji. Kwa msafiri apitaye hila ile ilitosha. Lakini baada yake walikuja watu wa safari ya namna nyingine, ambao hawakutaka kupita bali kukaa, wala hawakuwa na bidhaa ya kuuza, bali walikuwa na neno walilotaka lisikiwe na mwenye nyumba na kukubaliwa na moyo wake. Na neno la namna hiyo halipitishwi usiku kwa siri, kwa kuwa haliwezi kufika pasipo idhini ya yule anayeambiwa. Insha hii ni habari ya neno hilo, jinsi lilivyopanda kutoka pwani ya Ziwa Tanganyika mpaka vilima vya Kasulu na Kibondo, na jinsi wale waliolichukua walivyojifunza, wengine mapema na wengine kwa kuchelewa, kwamba adabu mbele ya mtu asiyeamini ni sehemu ya ujumbe wenyewe.

Buha ni nchi ya vilima na mabonde, sehemu yake kubwa ikiwa juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ambayo mto Malagarasi huizunguka kabla ya kuingia ziwani. Kabla ya serikali za kigeni ilikuwa imegawanyika katika falme kadhaa, kila mmoja na Mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa kaskazini, ambako ndiko iliko Nyabibuye, kata ya wakulima jirani na Burundi, iliyohesabiwa katika wilaya ya Kibondo hata ilipoundwa wilaya ya Kakonko mwaka 2012. Wenyeji wa vilima hivi hawakuwa watu wasio na dini. Walimjua Imana, Muumba wa vyote. Waliwakumbuka wazee wao waliofariki kwa sadaka katika vijumba vidogo vilivyojengwa karibu na makazi. Na ardhi yenyewe ilikuwa na makuhani wake, walioitwa Wateko, ambao kazi yao ilikuwa kuzisimamia ibada za nchi ili mashamba yastawi na maradhi yakae mbali. Basi mhubiri aliyefika huku aliwakuta watu waliokwisha kusali kabla yake. Alikuwa na njia mbili: kuanza kwa kuyakebehi waliyokuwa wakiyaheshimu, au kufanya kama Mtume Paulo alivyofanya Athene, kwa habari iliyomo katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, ambapo, ijapokuwa roho yake ilichukizwa na wingi wa sanamu za mji ule, alipopewa nafasi ya kusema alianza na madhabahu waliyoijenga wenyewe, akawasifu kwa kumcha Mungu kwao, ndipo akaendelea na lile alilokuja kulisema.

Ili kufahamu kwa nini njia ya pili ilikuwa ngumu kuishika, yafaa tushuke kwanza Ujiji. Mji ule ulikuwa tangu zamani soko la wafanyabiashara wa pwani, na dini ya Kiislamu ilikuwa imekwisha kupata nyumba hapo pamoja na kanzu, mwezi wa Ramadhani na lugha ya Kiswahili, kabla Mkristo wa kwanza hajafika kukaa. Ulikuwa pia soko la pembe na la watumwa. Mwezi wa Agosti 1878 walifika wajumbe wa Chama cha Misioni cha London, na mmoja wao, J. B. Thomson, akafariki katika mwezi uliofuata. Mwenzake Edward Hore, aliyekuwa baharia, akabaki akilipima ziwa na kutafuta urafiki wa watu wa kandokando yake. Mwezi wa Januari 1879 wakafika Mapadri Weupe, chama kilichoasisiwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, aliyekuja kuwa Kadinali. Mwaka huo huo wa 1879 baadhi yao walihamia Rumonge, katika nchi ya Burundi, na huko, tarehe 4 Mei 1881, mapadri Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa katika ugomvi na mtawala wa mahali pale. Katika nchi ambayo mgeni mwenye bunduki alikuwa amekwisha kujulikana kuwa mnunuzi wa watu, haikuwa rahisi kwa mgeni mwingine mwenye bunduki kuaminiwa kwamba amekuja kwa ajili ya mapenzi.

Maagizo aliyowapa Lavigerie watu wake yalikuwa na hekima ambayo haijachakaa. Aliwataka wajifunze lugha ya wenyeji na kuitumia, wale chakula chao, na wavae kwa namna isiyowatenga nao. Akawaamuru wasimbatize mtu mzima kwa haraka, bali wamfundishe na kumjaribu kwa muda wa miaka minne, ili atakapoitika awe ameitika kwa akili yake yote. Miaka minne ni muda mrefu, na ndani yake mna heshima kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mwanafunzi hupewa nafasi ya kuuliza, ya kusita, hata ya kuondoka. Lakini insafu inatutaka tuseme na upande wa pili: wengi katika wanafunzi wa mwanzo kandokando ya ziwa walikuwa watoto waliokombolewa kwa fedha kutoka mikononi mwa wafanyabiashara, wasiokuwa na jamaa wala kwao pa kurudi, na mtoto wa namna hiyo hana uwezo wa kukataa analofundishwa na yule anayemlisha. Ukombozi wao ulikuwa tendo la huruma. Hiari yao katika imani ni jambo jingine, na wamisionari wenye busara walilijua hilo.

Katika watoto hao alitokea mmoja ambaye maisha yake ni hoja yenye nguvu kuliko mahubiri mengi. Adrian Atiman alitekwa utotoni katika nchi za mto Niger, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa Malta kujifunza uganga, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa ziwa letu, akiwa katekista na tabibu. Alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 ya kuosha vidonda, kutoa risasi na mishale, kuzalisha, na kukesha na wagonjwa. Aliyekwenda kwake na jipu hakuulizwa kwanza habari za ubatizo wake. Alioa katika nchi ile na kuzikwa katika nchi ile, na kwa hiyo watu walipata muda wa kutosha wa kumpima yeye kabla ya kuyapima maneno yake. Mhubiri ambaye hajakubali kupimwa hivyo hajawapa wasikilizaji wake haki yao.

Kupanda kwa Injili kutoka ziwani mpaka vilimani kulikuwa kwa polepole. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 na kuwakabidhi Waingereza mwaka 1921. Na katika miaka iliyofuata misioni za madhehebu mbalimbali zilijenga vituo, Wakatoliki Kabanga, Waanglikana Shunga, Waadventista Wasabato Heri, na kila kituo kikazungukwa na shule ndogo za udongo na nyasi. Lakini wajengaji wa vituo si wao waliokwenda mlango kwa mlango. Kazi hiyo ilifanywa na makatekista na waalimu wa Kiafrika, wengi wao hawakuandikwa katika kitabu chochote, waliotembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima, wakalala kwa watu, wakala ugali na maharage ya watu, wakasema Kiha na kufahamu Kirundi cha majirani, na kujua pasipo kuambiwa kwamba katika nyumba ya Mha kijana haanzi mazungumzo mbele ya mzee, wala mgeni hasemi haja yake kabla ya kuulizana hali za watu, za mifugo na za mvua. Pamoja nao walikuwako manamba, vijana waliokwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga na Morogoro, hasa baada ya SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, kuanza kuandikisha vibarua mwaka 1944. Hao walirudi na blanketi, baiskeli, Kiswahili, na mara nyingine dini, ya Kikristo au ya Kiislamu, waliyoisikia kwa wenzao kambini. Hivyo habari ya imani iliingia katika nyumba nyingi kwa kinywa cha mwana wa nyumba, jambo ambalo lina utamu wake na hatari yake, kwa kuwa kijana aliyerudi na dini mpya aweza pia kurudi na dharau mpya.

Pana jambo moja katika historia ya Kibondo ambalo kila mwenye kuhubiri huko yampasa alijue. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Waingereza, kwa ajili ya kupiga vita ugonjwa wa malale uenezwao na mbung'o, iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za Buha kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya pamoja katika makazi mapya yaliyofyekwa msitu. Na karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1972, Operesheni Kigoma ikawahamisha tena watu wa mkoa huu kuingia katika vijiji vya ujamaa. Serikali zote mbili zilikuwa na sababu zao, na ya kwanza iliokoa roho za watu. Lakini mtu aliyehamishwa aliacha nyuma makaburi ya wazee wake, na Mteko aliyeondolewa katika ardhi yake aliondolewa katika ibada yake, kwa maana ibada ile haikubebeka kama mtungi kichwani. Hapo ndipo shule, zahanati na kanisa vilipowakuta watu wakiwa wamekusanyika. Kwa mhubiri ilikuwa fursa; kwa mzee wa Kiha ilikuwa msiba. Waliofahamu kwamba wanasema na watu waliofiwa na nchi yao walisema kwa upole, na neno lao likawa faraja. Waliodhani ukimya wa wazee ni kushindwa kwa mizimu walijenga juu ya mchanga, na ndiyo sababu katika nyumba kadhaa za waliobatizwa sadaka za zamani ziliendelea kwa siri, usiku, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa na wazee mchana kuwauliza maana yake.

Shule nazo zilikuwa na mtihani wake. Aghalabu mtoto aliyetaka kusoma na kuhesabu alitakiwa asome katekisimu, na mzazi aliyetaka mwanawe awe karani alikubali apewe jina la ubatizo, ilhali moyoni hakukubali lolote. Tusiwahukumu waalimu wale kwa ukali, kwani wangefundisha wapi kama si hapo, na leo tungekuwa wapi bila wao? Lakini imani iliyoambatanishwa na nafasi ya kazi huwa na wafuasi wengi na waumini wachache, na makanisa yenyewe yaliujua ukweli huo vizuri zaidi baada ya serikali kuzitwaa shule kwa sheria ya mwaka 1969, yalipobaki na mlango mmoja tu wa kuingilia, yaani uzuri wa lile yalilokuwa nalo.

Palipokuwa pagumu zaidi ni penye furaha ya watu. Katika harusi ya Kiha mtungi wa pombe ya ndizi huwekwa katikati, mirija mirefu ikatiwa ndani yake, na wazee huinama kuuzunguka, kila mmoja kwa mrija wake au kwa kupokezana. Anayepewa mrija amepewa ujirani, na anayeukataa huonekana kuwa anawashuku waliokunywa kabla yake. Wakatoliki hawakuukataza mtungi, walikataza ulevi. Waprotestanti wengi waliukataza kabisa. Kwa hiyo kijana mlokole aliyealikwa kwenye harusi ya mjomba wake alikuwa amebeba mahubiri tayari kabla hajafumbua kinywa. Wapo walioacha kwenda, wakasema hawaketi barazani pa wenye dhambi, na ukoo ukahesabu kwamba dini hii inaua undugu. Na wapo waliokwenda mapema kuliko wote, wakapasua kuni, wakateka maji, wakaketi na wazee mpaka jua kuchwa, na walipopewa mrija wakaupokea kwa mikono miwili na kumpa aliyefuata kwa heshima, wakieleza kwa maneno machache kwamba wao wameacha, pasipo kuongeza kwamba anayekunywa amepotea. Ukoo uliona kwamba wameacha pombe na hawakuuacha ukoo. Maswali juu ya imani yalikuja yenyewe baadaye, yakaulizwa na wazee, na aliyeulizwa ana ruhusa ya kujibu kwa urefu.

Moto mkubwa wa wakati ule ulitoka jirani, Gahini katika nchi ya Rwanda, ambako katika miaka ya 1930 ulianza uamsho ulioenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ukihusishwa na majina ya Simeoni Nsibambi, Blasio Kigozi, Yosiya Kinuka na Daktari Joe Church. Ndugu wa uamsho walipita vilima hivi wakiimba na kushuhudia, na si kila mara kwa adabu: wapo waliowakemea wachungaji wao hadharani, na wapo waliosimama uani kwa watu kuwatangazia hukumu ambayo hawakuombwa waitangaze. Lakini katika kiini cha uamsho ule palikuwa na jambo ambalo linaonekana kwangu kuwa fundisho bora kuliko yote tuliyorithi kutoka wakati ule: shahidi alianza kwa kuzisema dhambi zake mwenyewe, si za msikilizaji. Mtu aliyekuwa ameiba jembe alilirudisha kwa mwenyewe. Aliyemchukia ndugu yake kwa ajili ya shamba alikwenda kuomba radhi. Na mwenye jembe, asiyekuwa Mkristo, alibaki ameshika mpini akijiuliza ni nguvu gani iliyomleta mwizi mpaka mlangoni pake wakati hakuna aliyemshuku. Mbele ya ushuhuda wa namna hiyo hakuna aliyetukanwa, na hakuna aliyeweza kuubisha.

Kadiri makanisa yalivyopita mikononi mwa wana wa Afrika, lugha ya mashindano ilizidi kupungua. Vikarieti ya Kigoma iliundwa mwaka 1946 chini ya Askofu Jan van Sambeek, ikawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 1969 ikapata askofu Mwafrika, Alphonse Nsabi. Upande wa Waanglikana dayosisi ya Western Tanganyika iliundwa mwaka 1966, makao yake Kasulu, na askofu wake wa kwanza, Musa Kahurananga, akawa askofu mkuu wa Tanzania toka 1979 hadi 1983. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza tarehe 7 Desemba 1965 kwamba mtu hapaswi kulazimishwa wala kuzuiwa katika mambo ya dini, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara yake ya 19, imeifanya kazi ya kutangaza dini kuwa huru na ya hiari ya mtu binafsi. Kwa hiyo adabu hii ina sheria ya kanisa na sheria ya nchi kuwa mashahidi wake.

Hata hivyo sheria haiumbi tabia. Katika miaka ya 1980 ilienea Tanzania desturi ya mihadhara, ambamo wahubiri wa Kiislamu, wa Ujiji wakiwa miongoni mwa waanzilishi wake, walisimama uwanjani na Biblia mkononi kuwajadili Wakristo, na Wakristo nao wakasimama na Kurani kuwajibu. Mjadala wa elimu si dhambi, na muumini asiyeogopa swali ni muumini mwenye afya. Lakini vipaza sauti vilipogeuka kuwa vya kashfa, majirani waliokuwa wakizikana na kualikana sikukuu walianza kutazamana kwa mashaka, na serikali ikalazimika kuingilia kati. Simjui mtu aliyependa dini ya jirani yake kwa sababu ya kutukanwa kwa dini yake mwenyewe.

Mtihani wa mwisho na mzito kuliko yote uliletwa na vita vya majirani. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi tarehe 21 Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka, wakapokewa katika kambi za Kibondo kama Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Na mwaka 2015 wakaja Warundi wengine. Mashirika ya makanisa, kama Caritas na TCRS, ile huduma ya Kikristo ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1964, yalikuwa miongoni mwa watumishi, nayo yalitakiwa kufuata kanuni za mwaka 1994 za mashirika ya misaada zinazokataza msaada usitumiwe kueneza siasa au dini. Wapo waliodhani kanuni hiyo inamziba Mkristo mdomo. Mimi naona inamwokoa na fedheha kubwa, kwa sababu anayempa mwenye njaa debe la unga na kumsomea Injili kwa pumzi moja hatajua kamwe kama amesikilizwa yeye au unga. Makanisa ndani ya kambi hayakukosa waimbaji, wala hayakuhitaji kupanga foleni ya unga ili yapate wasikilizaji. Wakimbizi walijihubiria wao kwa wao, kwa lugha yao, chini ya maturubai.

Ukikusanya habari hizi zote, tangu Ujiji hadi Nyabibuye, utaona kwamba kila mahali palipotumika haja ya mtu kumvuta katika imani, iwe haja ya ukombozi, ya shule, ya ardhi au ya chakula, palizaliwa utii wa nje ambao haukudumu, na kila mahali palipokuwa na subira, kazi ya mikono, toba ya mhubiri mwenyewe na masikio yaliyo tayari kusikia, imani ilishika mizizi hata wenyeji wakaiita yao. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, aliagiza kwamba muumini awe tayari siku zote kumjibu kila amwulizaye sababu ya tumaini lake, na afanye hivyo kwa upole; agizo hilo lachukulia kwamba kuna anayeuliza, na mtu huuliza pale tu anapoona kitu kinachostahili kuulizwa. Wanaohubiri leo Kibondo na Kasulu wana magari, redio na vitabu ambavyo makatekista wa miguu hawakuwa navyo. Nawasihi wasivione vyombo hivyo kuwa badala ya ile kazi ya kwanza: kujua jina la mzee wa nyumba na habari ya wafu wake, kusikiliza anachokiamini mpaka uweze kukieleza kwa namna ambayo mwenyewe atakubali kwamba umekieleza sawa, kusema lako wazi pasipo kulificha, na kumwachia jibu lake, liwe ndiyo au hapana, huku ujirani ukiendelea kama ulivyokuwa. Anayemwamini Mungu aliyewaumba watu wote wakiwa na hiari hana ruhusa ya kuiondoa hiari hiyo kwa jina la Mungu yule yule.